Mshairi na mwandishi wa riwaya

Mshairi na mwandishi wa riwaya hutumia lugha ileile kwa malengo tofauti. Mshairi hukusudia mkazo: maneno machache hubeba sauti, taswira na hisia, na msomaji huyarudia ili ayatafakari. Mwandishi wa riwaya hukusudia upana: huumba wahusika, huwaweka mahali na wakati fulani, kisha hufuatilia matokeo ya uamuzi wao.

Malengo yote mawili yamo katika kazi za V. Y. Mudimbe (1941–2025), mzaliwa wa Likasi, mji wa Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji. Mashairi na riwaya zake aliziandika kwa Kifaransa. Diwani yake *Déchirures*, yaani “mipasuko”, ilitoka mwaka 1971. Riwaya yake *Entre les eaux* (1973) inamfuata padri Pierre Landu anayejiunga na waasi. Mgongano wa imani na siasa unajengwa hatua kwa hatua kupitia matukio.

Nchini Tanzania, Euphrase Kezilahabi naye alitunga riwaya, *Rosa Mistika* (1971), na diwani, *Kichomi* (1974). Tenzi za Kiswahili huunganisha malengo hayo, kwani husimulia visa virefu kwa vina na mizani.