Safu ya Lugha: Mtazamo si matarajio

Mjini Bujumbura, Kifaransa kimetuachia neno "perspectives", na anayelitafsiri haraka huandika "mitazamo ya mwaka ujao". Mwaka ujao hauna mitazamo, una matarajio. Kifaransa hulibebesha neno hilo moja mizigo miwili, namna ya kuona na yanayotarajiwa. Mzizi wake wa Kilatini, perspicere, ni kuona kwa kupenya, kama mtu achunguliaye dirishani. Mtazamo wetu umetoka kwenye kutazama, na mwenye kutazama lazima awe na pahali aliposimama. Neno ng'ambo linalionyesha jambo hilo waziwazi: kwa mtu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Uvira, kwa mtu wa Uvira, ng'ambo ni Bujumbura. Ziwa ni lile lile, na hakuna aliyekosea. Ndiyo maana mtazamo si maoni, ambayo mtu huyatoa akishatazama, wala si msimamo, ambao ni maoni asiyokubali kuyaacha.

Wapo watakaosema kuupa mtazamo maana ya Kifaransa si kosa, kwani lugha hukua kwa kukopa. Ni kweli: meza tumeipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na zote mbili zimetufaa sana. Lakini mkopo hufaa pale tunapopungukiwa. Hapa maneno tunayo mawili, na kuyachanganya kunamwacha msomaji wa ripoti asijue kama anaelezwa yatakayotokea au fikra za mwandishi. Waandishi na wafasiri wetu, mnapokusudia yajayo, andikeni matarajio.