Misuli Inapochoka

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Tarime na Serengeti

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: msuli, mshipa wa fahamu, uchovu. Sasa kila mmoja wenu ashike daftari, anyoshe mkono mbele sawasawa na bega, wala asiushushe mpaka aambiwe.

Uchovu si jambo geni. Mtu aliyelima mahindi Tarime au mtama Serengeti tangu alfajiri hahitaji kufundishwa maana yake. Lakini kwa nini mkono huchoka? Na kwa nini huendelea na kazi hata ukiwa umechoka? Wataalamu walianza kulipima jambo hili kwa makini katika karne ya 19.

Mmoja wao alikuwa Angelo Mosso, mwana wa seremala, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji wa Turin, nchi ya Italia. Alitengeneza chombo cha kufungia mkono juu ya meza, kikaachwa huru kidole cha kati peke yake. Kidole kile kilivuta uzito kwa kamba, mara kwa mara, na chombo kikaandika alama ya kila mvuto. Alama za kwanza zilikuwa ndefu. Zikapungua, zikapungua, mpaka kidole kikashindwa kabisa. Mwaka 1891 Mosso alitoa kitabu juu ya uchovu. Humo aliandika pia habari za watoto wa Sicily waliobebeshwa mawe ya salfa kutoka machimboni, miili yao ikaharibika kabla hawajawa watu wazima.

Mwenzake, Maggiora, aliona jambo la kushangaza. Kidole kilichovuta mara 30 mpaka kikachoka kabisa kilihitaji kupumzika muda wa saa 2 ndipo kirudiwe na nguvu zake. Je, kikivuta mara 15 tu, kitahitaji muda wa saa 1? La. Nusu saa ilitosha. Maana yake ni kwamba mivuto ile ya mwisho, ya kujilazimisha, ndiyo inayomgharimu mtu zaidi.

Mikono yenu inatetemeka? Vema, ishusheni. Tutazame lililotokea.

Msuli ni fungu la nyuzi nyingi nyembamba. Ubongo hutoa amri, amri hupita katika uti wa mgongo, na mshipa wa fahamu huifikisha kwenye msuli. Kila uzi wa mshipa huo huongoza kikundi chake cha nyuzi za msuli. Daftari ni jepesi, kwa hiyo mwanzoni viliitwa vikundi vichache tu. Vilipoanza kulegea, mwili uliita vingine vije kusaidia, na mkono ukabaki juu. Kati ya mwaka 1957 na 1965 mtaalamu wa Marekani, Elwood Henneman, alionyesha kwamba vikundi hivyo haviitwi ovyo ovyo: vidogo hutangulia, vikubwa hufuata. Vidogo kwa kawaida ni vivumilivu. Vikubwa vina nguvu nyingi, lakini huchoka upesi. Vikubwa vikiingia kazini, uvutaji hauwi laini tena, na mkono hutetemeka.

Sasa tumkumbuke Mtanzania mmoja, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni, yaani zaidi ya kilometa 42, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Misuli yake ilikaza. Kisha akaanguka, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, anachechemea, mguu umefungwa bendeji, giza limeingia. Wakimbiaji 57 walimaliza, naye alikuwa wa mwisho. Alipoulizwa, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza. Miguu ilikuwa imechoka, lakini ubongo haukuacha kutoa amri.

Tunamheshimu kwa haki. Lakini mbio zile zilikuwa za siku moja, na jembe ni la kila siku. Hapo ndipo penye fundisho la leo. Mwili una njia ya kuficha uchovu kwa kuita nyuzi nyingine. Basi usiseme, "Mama huyu hajachoka, mbona bado anabeba maji?" Wala usiseme, "Mtoto huyu ana nguvu, mbona bado anapalilia?" Anayeendelea si lazima awe hajachoka. Na anayetetemeka si mvivu. Mwili wake unaita msaada wa mwisho. Pumzika kidogo kabla hujaishiwa nguvu, umpumzishe na mwenzako, na kazi ya jioni itakuwa nzuri kama ya asubuhi.

Maswali

1. Mosso alipimaje uchovu wa kidole?
2. Kwa nini mkono ulibaki juu ingawa nyuzi za kwanza zilichoka?
3. Nyumbani kwako, ni nani hufanya kazi mpaka akaishiwa nguvu? Zungumzeni darasani namna ya kugawana kazi hiyo.