Kinubi kilichovuka mpaka: Benga na kadongo kamu zilitoka wapi?



Vijana wetu hapa Tiira na kule Busia wanapenda ubishi huu: benga ni ya Kenya, kadongo kamu ni ya Uganda, na kila mmoja ajivunie cha kwao. Ni ubishi mtamu, ila mpaka wenyewe ni mgeni. Hadi mwaka 1902 Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, na Uganda ilifika karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakahamisha mstari. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili bila kuhama nyumba zao.

Na ngoma zao je? Hazikuhama pia.

Tazama kinubi. Ni bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili ya mti, na kijiti cha juu kinachoshika nyuzi. Wajaluo wanakiita nyatiti, nacho kina nyuzi nane. Wabukusu wana litungu. Jopadhola wa Tororo wanacho, jina lake tongoli, na Wasoga wanasema ntongoli. Sikiliza majina hayo mawili ya mwisho uone jinsi majirani walivyoazimana. Buganda kinaitwa endongo, na huko hupendelea kukiwamba ngozi ya kenge. (Hukumu ya ala za nyuzi tunawaachia masheikh wetu, hapa tunasimulia historia tu.)

Kisha likaja gita. Reli ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi nyumbani, na baadhi yao walirudi na magita. Kutoka Katanga zikaja santuri za Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na ufundi wake wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada ukaigwa kila mahali. Upande wa Waluhya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gita la namna hiyo katika mtindo wa omutibo, na mwenzake akigonga chupa ya soda kushika mwendo.

Lakini gita halikukuta mikono mitupu. Vijana wa Kijaluo walilipiga kama nyatiti: nyuzi zinadonolewa haraka haraka, sauti inaimba, gita linajibu. Hiyo ndiyo benga, iliyovuma miaka ya 1960. Na yule aliyeitwa mfalme wake, Daniel Owino Misiani, aliyefariki mwaka 2006, alizaliwa Shirati, Tanganyika! Sasa hiyo benga tuiandikie pasipoti gani?

Kadongo kamu nayo jina lake linajieleza. Kwa Kiluganda maana yake ni gita dogo moja, mwimbaji mmoja na hadithi ndefu yenye mafunzo na vijembe, kama alivyofanya Fred Masagazi, na baada yake Christopher Sebadduka. Neno lenyewe limetoka kwenye endongo. Gita lilipofika lilirithi jina la kinubi, kama mtoto anavyopewa jina la babu. Wasanii wengi wa Uganda wa siku hizo walikwenda Nairobi kurekodi, kwa kuwa studio na viwanda vya santuri vilikuwa huko. Nyimbo za Kampala zikarudi nyumbani zikiwa zimepita kwetu mara mbili.

Jambo linalotia wasiwasi ni jingine. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mwaka 2014 ikafuata isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Moja iko magharibi yetu, nyingine mashariki, na zote mbili zina shida ileile: wazee wanaondoka na vijana hawakai kujifunza. Gita lina wenyewe tele. Kinubi kilicholifundisha gita kuongea ndicho kinachokosa mikono.

Basi wazazi, mwenye babu au mjomba anayejua kufunga nyuzi za tongoli au litungu, awapeleke watoto wakamwulize kila uzi unaitwaje na ngozi huwambwa vipi. Simu ya mkononi inatosha kumrekodi.