Mwalimu aliyekatazwa kushuka meli



Kila mumoja wetu anakumbuka siku aliyorudi na mizigo ku kichwa, akijiuliza kama watamupokea. Leo ninawaelezea habari ya mutu wa zamani aliyefika mpaka ku mlango wa kwao, wakamufungia.

Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Bagamoyo, ku pwani ya Tanzania ya leo. Mwaka 1900 alienda Berlin, muji mkubwa wa Wajerumani, kufundisha Kiswahili mu Seminari ya Lugha za Mashariki. Ile seminari ilifunguliwa mwaka 1887, na kati ya wanafunzi wake walikuwako maofisa na wafanyabiashara waliojitayarisha kwenda Afrika. Ni kusema, alifundisha wale wale watakaotawala kwao. Berlin ya ile wakati ilikuwa inakua mbio: mwaka 1902 treni ya umeme ilianza kupita, pengine juu ya barabara, pengine chini ya udongo.

Mwaka 1903 kitabu Desturi za Wasuaheli kilitoka mu muji wa Göttingen. Kinaeleza mambo ya kuzaliwa, ndoa, magonjwa, madeni na utumwa. Mtoro aliandika sehemu kubwa, lakini jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten, aliyekusanya maandiko.

Mwaka 1904 Mtoro alioa Bertha Hilske, binti wa Ujerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi kwao. Kufika Afrika ya Mashariki, serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka, juu mutu mweusi alikuja na bibi muzungu. Wakarudishwa Ujerumani. Baadaye alifundisha tena ku Hamburg. Alikufa Berlin mwaka 1927, wakati Wajerumani walikuwa wamekwisha kupoteza ile koloni ku vita.

Juu ya nini ninaandika hii mu gazeti yetu? Mu kazi yangu ya kuandikisha wanaorudi hapa Kabondo-Dianda, nilikuta baba mumoja aliyerudi na bibi aliyemuoa kule alikokimbilia, na watoto watatu. Wakamuambia: «Wewe karibu, uko mtoto wa hapa. Lakini ule mama hatumujui.» Lupango hawakupata; wanalala kwa jirani. Na mimi nilikosa: ku karatasi yangu niliandika jina la baba peke yake, juu nafasi ya bibi haikuwako.

Siye tulikimbia, wengine wakatupokea, wakatupa na mabinti wao. Basi ninaomba ku mkutano unaokuja tukubaliane mambo mawili: buku ya chama iandike majina ya nyumba nzima, na tukienda kwa shefu kuomba lupango, tuombe kwa jina la baba na mama pamoja. Ile nyumba ya jirani, tuanze nayo.