Fahamu Taratibu za Kutangaza Nyumba za Kupangisha Mitandaoni Kilwa na Pwani ya Lindi

Mji wa Kilwa Masoko upo takriban kilomita 300 kusini mwa Jiji la Dar es Salaam. Mtumishi wa umma anayehamishiwa huko, au fundi anayefuata kazi, mara nyingi hutafuta nyumba kabla hajafika, na anachokiona kwanza ni picha katika Instagram, Facebook au kundi la WhatsApp. Umbali huo ndio unaofanya tangazo la mtandaoni liwe na manufaa, na ndio huohuo unaompa tapeli nafasi ya kupokea kodi ya nyumba asiyoimiliki.

Mahitaji ya makazi katika ukanda huo yanachangiwa na shughuli kadhaa. Jiwe la msingi la Bandari ya Uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikizalishwa tangu mwaka 2004. Na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, huvuta watalii na watafiti.

Wajibu wa mwenye nyumba

Tangazo linalomsaidia mpangaji hutaja mtaa au kijiji nyumba ilipo, idadi ya vyumba, chanzo cha maji, iwapo kila mpangaji ana mita yake ya LUKU, kiasi cha kodi na idadi ya miezi inayolipwa kwa mkupuo. Hali ya barabara wakati wa mvua nayo ni taarifa muhimu: Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika Wilaya ya Kilwa.

Kwa majengo ya ghorofa yenye makazi ya familia nyingi, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake, huku maeneo ya pamoja, kama ngazi na maegesho, yakisimamiwa na chama cha wamiliki. Pale ambapo mpangaji atachangia usafi na ulinzi wa maeneo hayo, mchango huo unapaswa kutajwa mapema.

Aidha, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma nchini kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kodi ya nyumba hutajwa kwa shilingi.

Picha zinazoonesha wapangaji au watoto wao zisichapishwe bila ridhaa yao. Taarifa hizo, pamoja na nakala za vitambulisho, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tahadhari kwa mpangaji

Mpangaji asitume fedha kabla nyumba haijaonwa na yeye mwenyewe au na mtu anayemwamini. Ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji inaweza kusaidia kumtambua mmiliki, na upekuzi wa hati hufanyika katika ofisi ya ardhi. Anayeelezwa kuwa nyumba ni ya Shirika la Nyumba la Taifa athibitishe katika ofisi ya Shirika hilo. Mkataba uwe wa maandishi, na jina la anayepokea malipo lilingane na lililomo katika mkataba.

Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mtu anayechapisha taarifa anazojua kuwa ni za uongo kwa nia ya kuhadaa umma anaweza kutozwa faini isiyopungua Shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja.

Mwananchi anayetilia shaka ujumbe wa kudai malipo anashauriwa kuhifadhi tangazo na mazungumzo yote, kutuma namba ya mhusika kwenda 15040, ambayo ni huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kutoa taarifa kituo cha Polisi kilicho karibu. Taarifa inayotolewa mapema humwokoa mtafuta nyumba mwingine.