Sauti Iliyopasuliwa

Albamu mpya ya Nine Inch Nails, ambayo ni muziki wa filamu ya Tron: Ares, ilipotoka Septemba 2025, wapenzi wa bendi hiyo walikuwa na swali moja: itanguruma au haitanguruma? Trent Reznor na Atticus Ross, wanabendi wenyewe, walikwisha kutunga muziki wa filamu nyingi, na tuzo za Oscar walizipata kwa The Social Network na Soul, lakini kazi hizo zilitoka kwa majina yao wenyewe. Safari hii wametumia jina la bendi. Jibu linakuja mapema. Kwenye "As Alive as You Need Me to Be" besi ya sintesaiza inaingia ikiwa imechanikachanika kingo zote, na hakuna okestra ya kuilainisha kama ile waliyoitumia Daft Punk katika Tron: Legacy ya 2010.

Sasa mweleze mwenzako, kwa Kiswahili, besi ile ina nini. Wanamuziki wetu wanasema distoshoni na kuendelea na kazi. Mfasiri wa kamusi atakuletea "upotoshaji", neno ambalo siku hizi lina kazi nyingine: upotoshaji wa habari, upotoshaji wa takwimu. Tena kitenzi chake kimekwisha hukumu. Aliyepotoshwa alikuwa kwenye njia iliyonyooka, akatolewa. Ukiiandika besi ya Reznor kuwa ni sauti iliyopotoshwa, msomaji atadhani studio ilikosa fundi.

Mafundi mitambo wa ukumbini wana maneno bora zaidi. Husema sauti inakwaruza, redio inakoroma, spika inapasua. Hili la mwisho ndilo nitakaloling'ang'ania, kwa sababu linakaribia sana kile kinachotokea ndani ya mtambo.

Chukua mlio mtupu wa hezi 110, kimo cha waya wa tano wa gita. Wimbi lake hupanda na kushuka kwa ulaini. Amplifaya ina kikomo chake. Ukiizidishia nguvu, vilele na mabonde ya wimbi hukatwa yakabaki bapa. Mtu angetarajia kwamba kukata ni kupunguza. Kumbe mkato huo, ukiwa sawa juu na chini, huzaa milio ambayo haikuwapo: hezi 330, 550, 770 na kuendelea, yaani 110 mara namba witiri. Hiyo ndiyo ile hali ya kuwasha tunayoisikia juu ya noti. Piga noti mbili kwa pamoja, 110 na 165, utapata na hezi 55, mlio mzito ulio oktavu nzima chini ya noti ya kwanza, ambao hakuna kidole kilichougusa. Wapiga gita wa roki wanapenda jozi hiyo si kwa uvivu wa vidole. Noti zisizopatana kwa hesabu nyepesi, zikipitishwa humo, huzaa vurugu.

Wimbi basi limefunguliwa, na kilichotoka ni kingi kuliko kilichoingia. Lakini nani amelifungua?

Hapa Kiswahili kinatupa vitu viwili kwa mkono mmoja. Kuna kupasuka, ambako hakuna mtendaji: spika imepasuka, basi, imechoka. Na kuna kupasuliwa, ambako yupo mtu na nia yake. Huko Nashville, katika kurekodi "Don't Worry" ya Marty Robbins, kifaa kibovu kwenye mitambo kiliifanya besi ya Grady Martin ikorome. Huko ni kupasuka. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichukua wembe akaichana spika yake ili apate mkoromo anaoutaka; huko ni kupasua. Nomino zinafuata mkondo huohuo: mpasuko kwa kasoro, mpasuo kwa ufundi. Washonaji hawajawahi kuzichanganya. Sketi yenye mpasuo imeagizwa hivyo, na bei yake inapanda. Sketi iliyopasuka inarudishwa kwa fundi. (Upasuaji tuwaachie madaktari.)

Napendekeza basi "mpasuo wa sauti", na "mkwaruzo" ubaki kwa daraja la chini yake, pale amplifaya inapogusa tu kikomo na gita likaanza kuota vinyweleo. Distoshoni itaendelea kusemwa studioni, sina ugomvi nayo. Ila haiwezi kutenganisha ajali na kusudi, na katika roki ya viwandani (industrial), kama ya Nine Inch Nails, utengano huo ndio muziki wenyewe.

Ushahidi uko kwenye kazi ya zamani kidogo ya bendi hiyohiyo. Add Violence ya 2017 inafungwa na "The Background World", wimbo wa karibu dakika 12. Sehemu yake kubwa ni kipande kifupi kinachorudiwa zaidi ya mara 50, na kila kinaporudi kimeharibika kidogo zaidi, mpaka noti zinamezwa na kelele. Kinasikika kama kinapasuka chenyewe, kwa uchovu. Sivyo. Kila hatua imepimwa. Ni mpasuo uliovaa sura ya mpasuko, na bila maneno mawili usingeweza hata kuusema.

Upande wa pili, wa ajali inayogeuka kusudi, wamo Konono Nº1, bendi ya Kinshasa. Mwanzilishi wake, Mingiedi Mawangu, alitaka likembe yake, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, isikike katikati ya kelele za jiji, akaunda vipaza sauti kwa sumaku za vyuma vya magari makuukuu. Mitambo ikakwaruza bila kuombwa. Bendi ikausikiliza ule mkwaruzo, ikautungia muziki, na Congotronics ya 2004 ikautembeza ulimwenguni. Mpasuko ulikuja kuwa mpasuo, na hakuna aliyebadilisha kifaa.

Nikirudi kwenye Tron: Ares na kipimo hiki mkononi, naona upungufu ambao usikilizaji wa kwanza uliuficha chini ya nguvu. Mpasuo wake ni safi mno. Kingo zimechanwa kwa upana uleule, wimbo baada ya wimbo, na sikio linazoea haraka. Katika Broken ya 1992 gita lilikuwa likipasuliwa kwa hasira isiyo na rula. Ulikuwa huna hakika kama mtambo utafika mwisho wa wimbo. Hapa mtambo utafika, na unajua. Kinachoiokoa albamu ni nyimbo tulivu. "Who Wants to Live Forever?", ambamo Judeline anaimba pamoja na Reznor, inaacha mawimbi yake mazima karibu muda wote, na ukitoka hapo ukarudia ile besi ya mwanzo, inakata upya.