Jezero na Sekenke: Nani Anajua Kilichomo Chini ya Ardhi?

Tarehe 18 Februari 2021, gari la utafiti la Perseverance la Marekani lilitua Jezero, shimo kubwa lililochimbwa na kimondo katika sayari ya Mirihi. Jina hilo, linalotokana na mji mdogo wa Bosnia, maana yake ni ziwa. Gari lilibeba rada iliyobuniwa Norwei, RIMFAX, inayopeleka mawimbi ya redio ardhini na kupokea mwangwi unaorudi kila yanapokutana na tabaka tofauti. Bila kuchimba, watafiti wameona mita kadhaa chini ya uso mashapo yaliyoachwa na ziwa lililokauka mabilioni ya miaka iliyopita. Takwimu hizo huwekwa hadharani. Mwanafunzi wa Singida mwenye intaneti anaweza kuzipata bila kuomba kibali.

Je, anaweza kujua kwa wepesi huohuo kilichomo chini ya kijiji chake?

Historia ya mkoa huu haitupi jibu la kujivunia. Dhahabu ya Sekenke, Iramba, ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewakatia njia ya kupata fedha kutoka kwao, waliitumia kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo. Mwafrika alitoa jasho. Ramani za miamba ziliandikwa kwa lugha ya mtawala na kwa manufaa yake. Aliyejua kilichomo chini ndiye aliyeamua kinachofanyika juu.

Uhuru ulibadilisha mwenye mamlaka. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka hata benki ya taifa ya takwimu za madini chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Hiyo ni hatua ya heshima. Lakini takwimu kuwa mali ya taifa ni jambo moja, na mwananchi kuzielewa ni jambo jingine.

Chukueni mfano wa maji. Rada hufanya kazi vizuri Mirihi kwa sababu ardhi yake ni kavu na baridi. Udongo wa mfinyanzi na chumvi, kama ulio kandokando ya Ziwa Singidani, humeza mawimbi yake. Hivyo katika miamba ya graniti ya Singida wataalamu hutafuta maji zaidi kwa kupima jinsi ardhi inavyopitisha umeme. Tena maji yakipatikana, huenda yakawa na floraidi nyingi, inayoharibu meno na mifupa ya watoto.

Ripoti ya kisima, basi, si karatasi ya mhandisi peke yake. Isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji: kina cha maji, kiasi chake, floraidi iliyopimwa. Nakala ibaki ofisi ya kijiji. Kama tabaka za Jezero ziko wazi kwa walimwengu wote, za Iramba na Manyoni zisifichwe kwa wanaoishi juu yake.